Mwimo wa Kushoto

Mkaguzi wa kazi Hulkar Ergasheva hakuketi. Alikaribishwa kiti mara mbili, akaletewa bakuli la chai ya kijani, na mara zote alisema ahsante akabaki amesimama pale pale, kwenye mlango wa ukumbi wa kutia rangi, macho yake yakipanda na kushuka kwenye mwimo wa kushoto.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, na joto la mji wa Margilan lilikwisha anza kuingia kiwandani pamoja na mvuke wa mapipa. Luteni wa kituo cha polisi cha mjini alikuwa amemwambia kwa simu, bila kumung'unya maneno, kwamba jalada la mfanyakazi Elmurod lingekwenda kwa mwendesha mashtaka saa kumi kamili jioni. Likishafika huko, Elmurod asingekuwa tena mtu anayehojiwa. Angekuwa mshtakiwa.

"Dada mkaguzi, unaukagua ukuta," alisema msimamizi wa ukumbi, Hoshim. "Ukuta haukufanya kitu. Mwenye kosa yuko ndani tangu juzi."

"Nani kakuambia nakagua kosa?"

"Sasa unakagua nini?"

"Mlango."

Hoshim alicheka kidogo, akaweka mkono wa kulia kifuani kwa adabu kama mtu anayeomba radhi. Alikuwa mrefu, kichwa kikikaribia kugusa kizingiti cha juu, na kila alipoweka mkono ule kifuani aliongeza doa jingine la zambarau kwenye shati lake jeupe. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupiga muhuri majora ya vitambaa yakishatiwa rangi, na wino ulikuwa umekwisha hamia vidoleni mwake moja kwa moja.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Juzi Jumanne, mvuta toroli mmoja aitwaye Ganijon, mtu wa miaka ishirini na mmoja kazini, alibanwa mkono wa kushoto baina ya toroli na mwimo huu. Hospitali walimkata vidole viwili. Hoshim aliandikisha kwamba toroli lilisukumwa kwa nyuma, kwa makusudi, na Elmurod wa mapipa ya buluu, kwa sababu wawili hao waligombana Jumamosi mbele ya watu wote. Ganijon mwenyewe alisema neno moja tu: hakugeuka, hakuona.

Hulkar alitoa utepe wa kupimia mfukoni. Alipima mlango, akapima toroli, akaandika. Kila upande palibaki nafasi ya vidole vinne.

"Niletee toroli lenyewe la Jumanne. Lipakiwe kama lilivyokuwa."

"Dada, kazi imesimama, malori—"

"Kaka Hoshim, nimesema lipakiwe."

Vijana wa ghala walipakia. Majora meupe ya pamba, ambayo hayajaguswa na rangi, yalipangwa safu juu ya safu hadi yakapita kichwa cha mtu. Toroli lilikuwa la chuma, nguzo nne za pembeni, mpini mmoja nyuma. Hulkar alizunguka akaenda mbele, akainama. Rangi ya nguzo mbili za mbele ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa, mahali pamoja tu, kwenye kimo cha nyonga.

"Hapa hushikwa?"

"Hapana. Toroli husukumwa kwa mpini. Imeandikwa ukutani pale."

"Basi nguzo zimejisugua zenyewe." Alichukua glavu, akaijaza matambara, akaifunga kwa kamba kwenye nguzo ya mbele kushoto, vidole vikielekea nje. "Sukuma, kaka."

"Mimi?"

"Wewe. Kama inavyosukumwa."

Hoshim alishika mpini kwa mikono miwili, viwiko vimekunjwa sawasawa, mgongo umenyooka. Alisukuma kama mtu anayepigwa picha. Toroli lilikwenda hatua nne, gurudumu la mbele kushoto likayumba, likavuta upande wake, nguzo ikaugonga mwimo. Glavu ilipasuka, matambara yakatoka.

"Tena," alisema Hulkar.

Mara ya pili, kushoto. Mara ya tatu, kushoto. Mara ya nne Hoshim alijitahidi kulirudisha kulia, jasho likimtiririka, toroli likaenda kushoto hivyo hivyo.

"Mtu peke yake hawezi kulipitisha toroli hili mlangoni," alisema Hulkar. "Lazima awepo wa pili, mbele, aligeuzie mgongo, ashike nguzo kwa nyuma aliongoze. Ni kweli au si kweli?"

Hoshim alifuta uso kwa kitambaa. "Zamani walikuwa wawili. Tangu Aprili karatasi inasema mtu mmoja, toroli moja."

"Basi Jumanne, kama Ganijon alikuwa mbele, nyuma palikuwa na mtu. Siyo kwa kuvamia. Kwa kazi."

"Elmurod ndiye aliyevamia, dada. Nimeshasema."

"Umesema. Nipe daftari la huduma ya kwanza."

Daftari lilikaa kwenye kabati la dawa, limefungwa uzi. Hulkar alisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka ukurasa. Tarehe kumi na moja Aprili: mkono wa kushoto, ukucha umeng'oka, mlango wa ukumbi wa rangi, uzembe. Tarehe tatu Mei: mkono wa kushoto, kifundo cha kidole cha kati kimevunjika, mlango wa ukumbi wa rangi, uzembe.

"Elmurod aliajiriwa lini?"

"Juni," Hoshim alijibu, na papo hapo akaona swali lilikokuwa linakwenda.

Hulkar alifunga daftari akalitia mkobani.

Saa nne na nusu alikuwa katika chumba cha ukaguzi wa vitambaa, ambako Mama Saodat alikaa siku nzima mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akitafuta kasoro. Kwa miaka thelathini aliitazama pamba mpaka watu wakasema anaweza kukuambia mfumaji aliamka na hasira au la.

"Jumamosi ulikuwepo walipogombana, mama?"

"Nilikuwepo. Nani hakuwepo? Elmurod ana koo kama honi ya treni."

"Maelezo ya polisi yanasema alimtishia Ganijon. Alisema, 'Mlango huu utakutafuna mkono.'"

"Ee, alisema."

Hulkar aliishusha kalamu.

"Lakini hao waliokuandikia wamekula nusu ya maneno," Saodat aliendelea, akivuta kitambaa juu ya kioo bila kuinua macho. "Alisema hivi: 'Unakubali kuvuta peke yako kama punda! Mlango huu utakutafuna mkono, na huyo Hoshim atasimama kando anahesabu majora!' Sasa mwanangu, hicho ni kitisho au ni mtu anamwombea mwenzake?"

"Na Ganijon alijibu nini?"

"Alimwambia afunge domo. Mtu akiwa na harusi nyumbani hataki kelele kazini." Aliinua macho. "Wewe hukujua? Binti yake anaolewa na kijana wa Hoshim. Zimebaki siku tisa."

Hulkar hakujua. Aliandika, akapigia mstari.

"Mama, yale majora yaliyokuwa kwenye toroli Jumanne yako wapi?"

"Yamekwisha tiwa rangi yote. Isipokuwa moja, nililikataa." Saodat aliinuka kwa kushikilia meza, akaenda kwenye rafu ya mabovu, akarudi na jora jeupe begani kama anayebeba mtoto. "Namba thelathini na moja. Mimi sikulikataa kwa sababu ya Ganijon, nililikataa kwa sababu ni chafu. Tazama."

Alilitandaza juu ya kioo, taa ikapenya. Pembeni, karibu na ukingo, palikuwa na alama nne za mviringo, na chini yake alama ya kiganja, hafifu lakini imekamilika. Rangi yake ilikuwa zambarau.

"Lilikaa wapi kwenye toroli?"

"Safu ya juu kabisa, nyuma. Nilikuwa nimesimama pale dirishani, toroli likinijia. Aliyekuwa nyuma sikumwona, majora yalimficha. Niliona mkono tu, umeegemea juu, unasukuma."

"Hukuwaambia polisi?"

"Waliniuliza kama nilimwona Elmurod. Nikasema sikumwona. Wakasema basi, ahsante mama, nenda."

Hulkar alipima tena, safari hii kutoka sakafuni hadi safu ya juu. Sentimita mia moja themanini na mbili.

"Elmurod ni mrefu kiasi gani?"

Saodat aliweka ukingo wa mkono sikioni mwake mwenyewe, na yeye hakuwa mtu mrefu. "Ananifika hapa. Tena mikono yake ni buluu mpaka kwenye viwiko, haitoki hata kwa mchanga. Angegusa pamba hii, ningelikataa jora kwa buluu."

"Na muhuri hupigwa wapi, kabla ya mlango au baada?"

"Baada. Jora jeupe nani alipige muhuri? Ungepotea kwenye rangi."

Hulkar alilikunja jora, akalifunga kwa gazeti, akaandika hati ya kulichukua na kumpa Saodat atie sahihi. Kisha alifanya jambo alilopaswa kulifanya tangu Aprili, kama kuna mtu angempelekea habari: alitoa waya na lakiri, akatia muhuri wa serikali kwenye magurudumu ya matoroli yote kumi na manne, moja baada ya jingine, huku wapakiaji wakimtazama midomo wazi. Simu yake ililia. Mkurugenzi. Ililia tena. Aliiacha ilie.

Akiwa anatoka getini na furushi lake alimwona Hoshim amesimama kwenye dirisha la ofisi, hasogei, akiliangalia lile gazeti.

Nyumba ya Ganijon ilikuwa mtaa wa pili kutoka sokoni. Uani, chini ya mzabibu, wanawake watano walikuwa wakishona mifarishi ya harusi, nyuzi zimewaning'inia midomoni. Walipomwona mgeni na mkoba wa serikali walisimamisha sindano wote kwa pamoja. Mke wa Ganijon alimpokea, akamwongoza mpaka kwenye jukwaa la mbao alipokuwa mumewe ameegemea mito, mkono wa kushoto umefungwa bendeji mpaka kifundoni, umeinuliwa juu ya mto kama kitu cha kuazima.

"Karibu, dada. Samahani siwezi kuinuka."

"Usiinuke. Unaumwa sana?"

"Vile vilivyobaki haviumi," alisema Ganijon. "Vinauma vile visivyokuwepo."

Hulkar aliketi, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kaka Ganijon, sitakuuliza nani alikuwa nyuma. Umekwisha kataa kujibu mara mbili. Nitakuuliza jambo dogo. Toroli likinasa kwenye kizingiti, wa mbele husema nini?"

"Husema simama."

"Jumanne ulisema?"

"Nilisema. Mara mbili."

"Na wa nyuma?"

Ganijon aliutazama mkono wake. Binti yake, Zumrad, alikuwa amekuja na chai, akasimama na bakuli mkononi bila kulitua.

"Elmurod analala sakafuni kituoni kwa siku ya tatu," alisema Hulkar. "Saa kumi jalada lake linaondoka. Sasa ni saa sita na nusu."

"Elmurod ni mtukutu," alisema Ganijon polepole. "Tangu aje hatujapatana hata siku moja."

"Hilo silo nililouliza."

Alikuwa bado hajajibu pale lango lilipofunguliwa. Hoshim aliingia akihema, sinia mbili za mikate zimefunikwa vitambaa mikononi, kama wakwe wanavyoingia siku za heri. Lakini shati lilikuwa limemganda mgongoni, na hakuna aliyemtarajia mchana ule.

"Amani hapa," alisema. Alimwona Hulkar. Aliliona na lile furushi la gazeti. "Nimesema nipite nimjulie hali mgonjwa."

Mke wa Ganijon alizipokea sinia. Hakuzifunua. Alizitua pembeni, mbali na kitambaa cha chakula, akarudi kusimama nyuma ya mumewe.

Hulkar alifungua gazeti, akalitandaza jora jukwaani, mbele ya miguu ya Hoshim. Jua lililopenya majani ya mzabibu liliangukia zile alama nne na kiganja.

"Weka mkono, kaka."

"Dada, mimi kila siku nashika majora. Ndiyo kazi yangu."

"Majora yenye rangi. Hili ni jeupe, halijavuka mlango. Na limeshikwa kwenye kimo cha mtu mrefu, kwa nyuma, na mtu anayesukuma kwa nguvu mpaka kiganja kikazama. Weka mkono nione nimekosea. Nikikosea nitakuomba radhi mbele ya wakwe zako."

Hoshim hakuweka mkono. Aliutazama tu, kisha akauficha mgongoni, na huko kuuficha kukawa jibu. Mwanamke mmoja miongoni mwa washonaji alivuta pumzi kwa sauti.

"Lori lilikuwa linangoja," alisema hatimaye, si kwa Hulkar bali kwa Ganijon. "Kila dakika wananipigia simu. Nikakuona unahangaika nalo peke yako, nikasema nikusaidie. Wallahi nilikuja kukusaidia, Gani."

"Najua," alisema Ganijon.

"Nilikusikia unasema simama. Nikadhani gurudumu tu limenasa, nikalipiga bega moja la nguvu lipite."

"Najua, Hoshim. Nilisikia pumzi yako nyuma ya majora. Miaka ishirini na mmoja nakusikia unavyohema. Hilo nilishakusamehe hapo hapo mlangoni, kabla hata damu haijafika chini. Lakini yule kijana? Yule kwa nini?"

"Mkurugenzi aliniita. Akasema msimamizi akiwa ndiye kasukuma, ni kosa la kiwanda. Ikiwa ni ugomvi wa wafanyakazi, ni kazi ya polisi. Akaniuliza kama kulikuwa na ugomvi." Hoshim aliketi ukingoni mwa jukwaa, urefu wote ule ukakunjika. "Jina lilikuwa midomoni mwa watu tayari. Nililitamka tu."

"Na wewe ukanyamaza, baba," alisema Zumrad.

Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Ganijon alifumba macho.

"Nilinyamaza kwa ajili yako."

"Sikukutuma."

Kisha Ganijon alinyoosha mkono wa kulia kumwelekea Hulkar. "Lete karatasi. Mimi huandika kwa kushoto, dada, utanivumilia mwandiko."

Aliandika mistari mitatu, herufi zinapanda na kushuka kama mtoto wa darasa la kwanza, kalamu ikimchoropoka mara mbili. Alipomaliza alimtazama Hoshim.

"Nenda naye. Ukamtoe yule kijana kwa mdomo ule ule uliomwingiza. Habari ya harusi tutazungumza ukirudi. Nikikuona umerudi."

Hoshim aliinuka akaenda. Sinia zilibaki pale pale, zimefunikwa.

Saa nane na dakika arobaini walikuwa mbele ya meza ya luteni. Luteni alisoma maelezo ya Ganijon, akasoma daftari la huduma ya kwanza, akalipindua jora huku na huku kama anayetaka kulinunua, kisha akamsikiliza Hoshim mwanzo hadi mwisho.

"Sawa," alisema akivua kofia. "Kwa hiyo namtoa mmoja namwingiza mwingine. Kusukuma ni kusukuma."

"Huyu atajibu kwa uongo alioandikisha," alisema Hulkar. "Mkono wa Ganijon unahitaji jalada jingine. Kaka Hoshim, mwambie ile amri ya mtu mmoja kwa toroli moja ilitoka kwa nani."

"Ofisi ya juu."

"Ofisi haina mkono. Nani alitia sahihi?"

"Mkurugenzi. Mimi nililalamika Aprili, baada ya ukucha wa yule wa kwanza. Nikalalamika Mei. Nakala ninazo nyumbani."

Kalamu ya luteni ilisimama hewani. Mkurugenzi yule alikuwa mtu wa kukaa safu ya mbele kwenye kila sherehe ya mji. Luteni alimtazama Hulkar, akautazama mlango, akamtazama tena Hulkar.

"Andika," alisema Hulkar. Luteni akaandika.

Elmurod aliletwa saa tisa na nusu. Alikuwa mfupi, amechanika kola, mikono yake ya buluu inaning'inia kama si yake. Askari alimrudishia mkanda na viatu. Alivaa taratibu, akafunga kamba, akasikiliza luteni akimweleza kwamba yuko huru na kwamba palitokea kutoelewana. Alipoinua kichwa alimwona Hoshim amekaa kwenye benchi.

"Elmurod, ndugu yangu," Hoshim alianza, mkono ukipanda kifuani, "mimi—"

"Vidole vipi?"

"Eh?"

"Ganijon. Wamemkata vidole gani? Humu ndani hakuna aliyeniambia."

Hoshim alishusha mkono. "Cha kati na cha pete. Kushoto."

Elmurod aliinua mkono wake wa kushoto akautazama. Alikunja kidole cha kati na cha pete, akavibana kiganjani kwa kidole gumba, kisha akaenda kwenye mlango wa chuma wa kituo, akashika mpini kwa vile viwili vilivyobaki na kuvuta. Mlango ulifunguka shibiri moja, ukamponyoka, ukajifunga. Alivuta tena, mishipa ikimtoka shingoni. Ukamponyoka tena. Hakuna aliyemsaidia.

Kisha alifungua kiganja chote, akaushika mlango kwa vidole vitano, akatoka nje juani bila kumuaga mtu.